Shajara ya mradi: mrututu wa babu na shaba iliyofungwa

12 Februari

Kamati imepitisha pendekezo langu baada ya kulirudisha mara mbili. Kichwa chake ni kirefu kama foleni ya Ubungo, lakini swali lenyewe ni la kihamba, shamba la nyumbani kule Kilimanjaro: tukiichukua shaba tukaifunga ndani ya molekuli ya kikaboni, itaizuia kuvu ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, kwa dozi ndogo kuliko ya mrututu (salfati ya shaba) mtupu?

Nimekulia kwenye mrututu. Kila masika babu alikuwa anachanganya kilo moja ya mrututu, kilo moja ya chokaa na lita mia za maji kwenye pipa la plastiki, kamwe si la bati. Halafu anachovya msumari mpya. Ukitoka na wekundu, anaongeza chokaa. Ukitoka ulivyoingia, anajaza bomba anaingia kwenye mibuni. Nilifika sekondari ndipo nikaelewa kwamba ule wekundu ni shaba iliyohama kutoka kwenye maji ikakaa juu ya chuma. Babu alikuwa anapima shaba huru bila kipima pH wala digrii.

Wenye vitabu wanauita mchanganyiko wa Bordeaux. Millardet aliutangaza Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu. Chulebuni yenyewe ilionekana kwanza Kenya magharibi mwaka 1922. Kuvu yake, Colletotrichum kahawae, huishambulia buni ikiwa bado mbichi, hasa kwenye miinuko yenye baridi na mvua. Mrututu unaiweza. Shida ni kwamba shaba haiozi. Robo ya uzito wa mrututu ni shaba, na inayooshwa na mvua inabaki kwenye udongo wa juu, palepale penye migomba na magimbi.

Kwenye pendekezo nimenukuu nadharia ambayo kila makala ya fani hii huinukuu: ligandi (molekuli inayoishika metali) ikiikumbatia metali, chaji ya metali inasambaa, molekuli inakuwa na asili ya mafuta zaidi, na hivyo inapenya utando wa seli kwa urahisi. Msimamizi wangu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umeipima?"

21 Februari

Ligandi ya kwanza. Nimechagua salen kwa sababu ni rahisi na kemikali zake zipo stoo. Salisilaldehaidi mililita 2.1, ethanoli ya moto, halafu ethilinidiamini mililita 0.67 tone kwa tone. Sikuwa nimemaliza kudondosha, chupa ikajaa vipande vinavyometa, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Baada ya kuchuja na kukausha nimepata gramu 2.3 kati ya 2.68 zinazowezekana. Inayeyuka kwenye nyuzi 126 hadi 127. Vitabu vinasema 125 hadi 128. Hii ni familia ya besi za Schiff, kwa jina la Hugo Schiff aliyezieleza mwaka 1864: aldehaidi na amini zinashikana, maji yanatoka.

Maabara nzima inanukia lozi chungu, maana salisilaldehaidi haijui kujificha. Mzee, fundi sanifu wetu, aliingia akaniuliza kama napika keki. Nikamwambia shikamoo kwanza. Akaitikia marahaba, akaenda kufungua madirisha yote.

28 Februari

Leo ni siku ya rangi. Ligandi moja, asetati (chumvi) za metali tatu, chupa tatu. Ya nikeli imetoa unga wa rangi ya chungwa iliyoiva. Ya shaba, kijani kilichofifia kama jani la mzeituni. Ya zinki, njano hafifu, huwezi kuitofautisha na ligandi hadi uziweke pamoja kwenye mwanga.

Nilijaribu na kobalti. Ilianza vizuri, kisha ikawa inabadilika kadiri inavyokaa kwenye hewa. Hilo si geni: changamano (muungano wa metali na ligandi) ya kobalti na salen hunyakua oksijeni, jambo lililoripotiwa na Tsumaki tangu 1938. Ni kemia tamu, lakini siwezi kuipima kuvu kwa kitu ambacho asubuhi ni kimoja na jioni ni kingine. Nimeiacha.

Mjumbe mmoja wa kamati aliwahi kunibana kwamba zinki si metali ya mpito, kwa kuwa obiti zake za d zimejaa. Yuko sahihi. Naibakiza kwa sababu hiyohiyo, ili nione kinachotokea metali isipokuwa na vituko vya elektroni.

10 Machi

Vipimo vya utambulisho. Kwenye infraredi, mstari wa C=N (kifungo cha kaboni na naitrojeni) wa ligandi uko karibu na mawimbi 1635 kwa sentimita; kwenye changamano ya nikeli umeshuka hadi karibu 1620, dalili kwamba naitrojeni imeshika metali. Sumaku: nikeli haivutwi kabisa, maana yake imekaa bapa yenye pembe nne, shaba inavutwa kwa kiasi kinachotakiwa na elektroni moja isiyo na mwenzake. Upitishaji umeme kwenye kiyeyusho cha DMF ni mdogo sana, kwa hiyo hakuna ayoni zinazoelea.

Dokezo kwa atakayenifuata: usishangilie mstari mpana wa 3400 ukadhani ni OH ya ligandi. Kwenye salen ile OH imejifunga na naitrojeni ya jirani na mstari wake umesukumwa chini, mpana na mchovu, rahisi kuupita bila kuuona. Wa 3400 ni unyevu wa KBr, chumvi tunayosagia sampuli. Kwa joto hili la Dar, KBr ikikaa nje dakika tano tu imeshakunywa maji.

14 Machi

Kuyeyusha. Maji: hapana. Ethanoli: kidogo. DMSO, kiyeyusho kingine cha maabara: ndiyo, kwa kuibembeleza kwenye maji ya moto. Miligramu 41 za changamano ya shaba ndani ya mililita 5, ambayo ni milimola 25 kwa lita. Nikitia mililita moja kwenye agari (jeli ya kuoteshea kuvu) mililita 99, napata milimola 0.25 na DMSO asilimia moja. Zaidi ya hapo DMSO yenyewe itaanza kuisumbua kuvu.

Nimeamua kupima kwa mola, yaani kwa idadi ya molekuli, si kwa miligramu. Nikilinganisha miligramu mia za mrututu na miligramu mia za changamano yangu, mrututu una shaba asilimia 25.5 na yangu asilimia 19.3, na hapo nimeshaionea yangu kabla mchezo haujaanza. Ipo pia dhuluma ya upande wa pili: kuna makala nyingi zinazosifia changamano bila kuweka chumvi tupu ya metali kwenye sahani ya jirani. Unasoma hadi mwisho hujui kama sifa ni ya ndoa au ya bwana harusi peke yake.

Halafu nikapiga hesabu ya pipa la babu. Kilo moja kwenye lita mia ni gramu kumi kwa lita, yaani milimola 40. Mimi niko kwenye 0.25. Babu ananizidi mara 160! Ila shaba yake karibu yote imelala kama tope la bluu lisiloyeyuka. Inaachiwa kidogo kidogo na mvua, na pia na spora (mbegu za kuvu) zenyewe: zikitaka kuota hutoa asidi za kikaboni na asidi amino zinazoishika shaba na kuiyeyusha. Kuvu inajichotea sumu yake. Kwa maneno mengine, changamano ya shaba na ligandi ya kikaboni imekuwa ikitengenezwa juu ya buni za Kilimanjaro miaka yote hii, na mtengenezaji ni kuvu.

4 Aprili

Nimepanda kwa babu kuchukua sampuli. Mvua imeshika, barabara ya juu utelezi, nimetembea kilomita ya mwisho viatu mkononi. Mibuni ya zamani ina chulebuni ya kutosha: buni za kijani zenye madoa meusi yaliyobonyea, nyingine zimekauka nyeusi zikining'inia. Miche mipya ya aina vumilivu aliyoipanda upande wa mfereji haina hata doa.

"Unakuja kuchukua ugonjwa Dar es Salaam?" akauliza. Nikamweleza. Akasikiliza kwa makini, kisha akataka kujua kilo ya dawa yangu itauzwa shilingi ngapi. Sikuwa na jibu. Nimelitia kwenye daftari kwa sababu hakuna mtu wa kamati aliyeliuliza.

Dukani njiapanda nimeona mifuko ya mankozebu inayopangiwa wakulima wa nyanya. Nayo ni ndugu wa mradi huu: manganizi na zinki zilizoshikwa na ligandi yenye salfa. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali chake mwishoni mwa 2020, huku kwetu bado iko kwenye rafu, kati ya sabuni na viberiti.

17 Aprili

Aibu. Nilizisafisha buni kwa jiki iliyozimuliwa, nikakata vipande pembezoni mwa doa, nikaviweka kwenye agari ya viazi, nyuzi 25. Siku ya tatu pamba nyeupe. Siku ya saba sahani nzima imejaa. Nikapiga picha nikamtumia msimamizi kwa furaha zote.

Akajibu: "Ina haraka sana hiyo."

Kwenye buni moja huishi Colletotrichum zaidi ya mmoja, na wengine ni wapangaji tu, hawana kosa. Wa chulebuni ni mzito wa kukua. Tena hawezi kuishi kwa sitrati au tatrati kama chakula pekee cha kaboni, wakati binamu zake wanaweza. Nikaotesha pamba yangu kwenye agari ya tatrati. Imeota bila shida. Kwa hiyo wiki mbili nimemlea mpangaji.

9 Mei

Binamu yangu aliniletea buni nyingine kwa basi, zimefungwa kwenye gazeti ndani ya kikopo cha siagi. Safari hii nimechukua spora moja moja badala ya kipande. Koloni nne kati ya kumi zinakwenda polepole, kijivu kinachoelekea kijani cheusi. Kwenye tatrati hakuna kitu, kwenye sitrati hakuna kitu. Nimezipaka kwenye buni za kijani zenye afya ndani ya boksi lenye unyevu, na madoa meusi yamejitokeza. Ndiye huyu.

Umeme ulikatika usiku wa tarehe 6 hadi asubuhi, inkubeta ikapanda nyuzi. Hazikufa. Nimeiandika tu.

20 Mei

Sahani zimemwagwa. Makundi sita, kila moja sahani tatu: DMSO peke yake, mrututu, ligandi peke yake, na changamano za shaba, nikeli na zinki. Zote milimola 0.25 isipokuwa ya kwanza. Katikati ya kila sahani, kipande cha kuvu cha milimita 5.

La kuangalia: nilipotia changamano ya nikeli kwenye agari ya uvuguvugu, chembe za rangi ya chungwa zilianza kuelea kama pilipili ya unga kwenye mchuzi. Haijayeyuka. Nikiandika "0.25" kwenye jedwali nitakuwa naandika nilichotia, si kile kuvu inachokutana nacho. Ya shaba ina ukungu hafifu. Ya zinki na ligandi ziko safi.

27 Mei

Siku ya saba. Wastani wa kipenyo kwa milimita:

DMSO 30. Mrututu 26. Nikeli 28. Shaba na salen 22. Zinki na salen 21. Ligandi peke yake 17.

Nikiondoa zile milimita 5 za kuanzia, uzuiaji ni asilimia 16 kwa mrututu, 8 kwa nikeli, 32 kwa shaba, 36 kwa zinki, 52 kwa ligandi.

Nimezisoma tena, nikamwomba Mzee azipime kwa rula yake bila kumwambia ipi ni ipi. Amepata zilezile, tofauti ni milimita moja kwenye sahani mbili.

Ningeweza kuishia kwenye namba mbili, ya mrututu na ya shaba, nikaandika kwamba shaba yenye ligandi inaishinda shaba ya mrututu mara mbili, jambo ambalo ni kweli. Makala ingekubaliwa mahali. Lakini ligandi ambayo haina metali yoyote imewashinda wote, kwa hiyo hadithi ya metali kupenyezwa ndani ya seli haisimami hapa. Inaonekana metali inamfunga jogoo miguu.

29 Mei

Nilikuwa naosha sahani. Nilipofunua ya ligandi, pua ikanigonga: lozi.

Nikafunua ya zinki. Lozi, hafifu. Ya shaba, kwa kuitafuta. Ya nikeli, hakuna. Mpangilio wa harufu ni uleule wa jedwali, ingawa zinki na shaba kwenye jedwali karibu zimelingana.

Besi ya Schiff hutengenezwa kwa kutoa maji, kwa hiyo ukiirudishia maji inaweza kurudi ilikotoka, hasa penye asidi kidogo. Agari ya viazi ina pH ya karibu 5.6. Mimi nimeichukua salen, nimeitia kwenye maji yenye asidi kwa joto la nyuzi hamsini, kisha nimeifungia ndani siku saba. Imefumuka. Kila molekuli ya ligandi inatoa salisilaldehaidi mbili, na hiyo inajulikana kuwa kiuakuvu kwa haki yake yenyewe, tena cha mvuke. Nikeli imeishika ligandi kwa nguvu na haiyeyuki, kwa hiyo haikuachia kitu. Zinki ina mkono mlegevu. Shaba iko katikati.

Ligandi iliyo huru inafumuka zaidi, na ndiyo inayozuia zaidi. Changamano zangu zilikuwa vyupa tu vya kuhifadhia harufu, vingine vimefungwa sana, vingine vinavuja.

Jambo la kunisikitisha zaidi: sahani zote kumi na nane nilizirundika kwenye boksi moja. Kama mvuke ulitembea, hata sahani za DMSO hazikuwa kontroli safi ya kulinganishia.

6 Juni

Jaribio la kuthibitisha. Kipande cha karatasi ya kuchujia kwenye kifuniko, tone moja la salisilaldehaidi, sahani imegeuzwa juu chini, kuvu kwenye agari isiyo na kitu, hakuna mguso. Makundi mawili kwenye maboksi mawili, vyumba viwili.

Siku ya saba: chumba cha tone, hakuna ukuaji hata wa unywele. Chumba kingine, milimita 33, ambayo inazidi zile 30 za tarehe 27 Mei. Siwezi kuapa kwamba tofauti hiyo ni mvuke, lakini naishuku.

Nilivihamisha vipande vilivyozuiwa kwenye agari mpya. Viwili kati ya vitatu vimeanza kuota, kwa hiyo kuvu ilikuwa imezimia tu.

11 Juni

Kikao na msimamizi. Nilikwenda nimejiandaa kupigwa. Aliangalia jedwali, akacheka, akasema hii ndiyo data ya kwanza niliyomletea yenye kitu ndani.

Tuliongea muda mrefu kuhusu dawa zinazofanya kazi. Flukonazoli haina metali, lakini inaizuia kuvu kwa kuwa ligandi: naitrojeni ya pete yake inashika chuma kilicho ndani ya kimeng'enya kinachotengeneza ergosteroli, kiungo cha utando wa seli ya kuvu. Yaani changamano inaundwa ndani ya adui, si kwenye chupa yangu. Zinki pirithioni ya shampuu za mba nayo, kwa majaribio yaliyofanywa kwenye hamira, inaingiza shaba ndani ya seli, ingawa kwenye lebo imeandikwa zinki. Metali inayouzwa siyo lazima iwe inayoua.

Akanionesha pia utafiti wa mwaka 2020 wa mradi wa CO-ADD wa Australia, uliopima misombo 906 yenye metali dhidi ya bakteria na kuvu: asilimia 9.9 ilifanya kazi bila kuumiza seli za binadamu, wakati kwa molekuli za kikaboni tupu ilikuwa asilimia 0.87. Kwa hiyo fani haijafa. Ligandi yangu ndiyo iliyochaguliwa kwa urahisi wa stoo.

Uamuzi: tuiondoe C=N. Ikiongezewa hidrojeni kwa borohaidraidi ya sodiamu inakuwa amini ya kawaida, haina cha kurudi nyuma, haiwezi kutoa aldehaidi. Mfuko uleule wa naitrojeni mbili na oksijeni mbili, ila umeshonwa vizuri. Hapo ndipo tutajua shaba iliyofungwa ina thamani gani.

15 Juni

Nimempigia babu. Nikamwambia dawa yangu haikuwa shaba, ilikuwa harufu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hiyo harufu inakaa kwenye mti mvua ikinyesha. Nikasema hapana, babu, itapeperuka hata kabla ya mvua. "Basi rudi kwenye mrututu," akasema, akahamia habari za ng'ombe aliyezaa.

23 Juni

Salen gramu 1.34 ndani ya methanoli, njano tupu. Borohaidraidi kidogo kidogo, chupa ikiwa kwenye barafu, mapovu yakipanda. Njano haikuondoka kwa pamoja. Ilianza kupauka pembeni pale chembe zilipotua, kama shuka lililodondoshewa jiki, halafu ikarudi ukikoroga, halafu ikapauka tena. Dakika ya arobaini kimiminika kikawa hakina rangi kabisa. Nikatia maji, unga mweupe ukashuka.

Nimeunusa mkavu. Nimeuloweka kwenye maji yenye asidi ya pH 5.6 usiku kucha, asubuhi nikaunusa tena, nikampa na Mzee anuse.

Mzee anasema hasikii kitu. Asetati ya shaba iko mezani, nimeshapima miligramu 399. Maboksi ya sahani sasa ni sita, kila kundi na lake.